Vitz ya pistoni tatu inatetemeka na kula oili: niing'oe injini?

SWALI: Habari za kazi, Injinia. Niko Morogoro, nina Vitz ya mwaka 2006, ile ya cc 990. Niliinunua kwa mtu mwaka jana, dashibodi ikisoma kilomita 148,000. Ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka hadi kioo cha ndani kinacheza, hasa nikiwa foleni na AC imewashwa. Oili naongeza karibu nusu lita kila kilomita 1,000, na pale ninapoegesha hakuna hata tone. Asubuhi nikiwasha inalia kama mnyororo kwa sekunde mbili tatu, kisha inanyamaza. Desemba ilichemsha kwenye mlima wa Kitonga tukiwa watu wazima wanne na mizigo, tunaelekea Mafinga. Fundi wangu anasema pistoni tatu ndivyo zilivyo: niing'oe niweke ya pistoni nne, au nifanye oveholi. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa Kitonga. Kwanza funga pochi. Usinunue injini na usikubali oveholi kabla ya kupima. Umeeleza mambo manne tofauti, na fundi wako ameyafunga furushi moja akaliita "pistoni tatu". Mtetemo kwa kiasi fulani ni tabia ya injini hiyo na utaishi nao. Oili na kelele za asubuhi vinahusiana, na mara nyingi vinatibika bila kuigusa pistoni. La kuchemsha ndilo linalonitia wasiwasi, na nashangaa fundi wako hakulipa uzito.

Kwanza hakikisha tunazungumza injini moja. Tazama namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Ikianza na KSP90, chini ya boneti una 1KR-FE, ndiyo hiyo ya pistoni tatu. Nasema hivyo kwa sababu jina la Vitz peke yake halitoshi. Vitz ya kwanza, iliyotoka 1999, namba yake huanza na SCP10. Injini yake ni 1SZ-FE ya cc 997, na ina pistoni nne. Umbo kama la kwako, lakini lenye namba ya SCP90, linabeba 2SZ-FE ya cc 1,296, pistoni nne pia. Ukienda dukani ukasema "nipe koili ya Vitz" (kile kinachoipa plagi umeme), unaweza kurudi na kitu kisichoingia. Taja namba ya chesisi, au beba kifaa cha zamani mkononi.

Hiyo 1KR-FE ilibuniwa na Daihatsu, kampuni ambayo Toyota ilichukua hisa nyingi zake mwaka 1998. Ilianza kuonekana 2004 kwenye Passo na pacha wake Daihatsu Boon, ikaingia kwenye Vitz 2005, ikafungwa pia kwenye Belta. Huko Ulaya injini hiyo iliendesha Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, magari matatu yaliyotoka kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Cheki. Katika tuzo za kimataifa za injini bora ya mwaka, ilishinda kundi la injini zisizofika lita moja mara nne mfululizo, 2007 hadi 2010. Kwa hiyo anayekuambia ni injini ya kubahatisha, mwulize ameipima kwa kipimo gani.

Vipimo vyake ni hivi. Ujazo ni cc 996, silinda tatu, valvu 12, kamshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu), na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, upande wa valvu za kuingiza hewa. Kipenyo cha silinda ni milimita 71 na pistoni husafiri milimita 83.9, maana yake ni nyembamba yenye mwendo mrefu, na ndiyo sababu inavuta vizuri mjini bila kupigiwa kelele. Uwiano wa mgandamizo kwa toleo lako ni 10.5 kwa 1. Nguvu yake ni farasi 71 kwa mizunguko 6,000, na mvuto wake mkubwa ni Nm 94, unaopatikana kwenye mizunguko 3,600 hivi. Kamshafti zinazungushwa kwa cheni, hakuna mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Bloku na silinda hedi vyote ni vya aluminiamu, na injini nzima haizidi sana kilo 70, kiasi kwamba vijana wawili wanaibeba.

Linganisha na ile 1SZ-FE ya pistoni nne: farasi 70. Yaani pistoni moja zaidi, cc zilezile, na nguvu haikuongezeka. Nguvu inatokana na ujazo na jinsi injini inavyopumua; idadi ya pistoni inaamua zaidi ulaini wa mlio na mtetemo.

Tuje kwenye huo mtetemo. Kila pistoni huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Injini ikiwa silensa, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, pistoni nne hukupa mapigo 23 kila sekunde, tatu hukupa 17 na nusu. Mapigo yakiwa machache, kila moja linasikika. Halafu pistoni za mwisho mbili hazipandi pamoja. Hii ikipanda upande mmoja, nyingine inashuka upande wa pili, na injini inataka kucheza mbele na nyuma kama bembea ya watoto. Baadhi ya injini za silinda tatu hufungwa shafti ya ziada ya kutuliza mchezo huo. Yako haina, Daihatsu waliiacha ili kupunguza uzito na msuguano. Kazi ya kuumeza mtetemo wakaiachia maunti, ile mipira inayoibeba injini.

Gari lako ni la 2006, na kama maunti hizo hazijawahi kubadilishwa, mpira umekuwa mgumu au umechanika. Kuzipima ni rahisi. Funga handibreki, mtu akae kwenye usukani akanyage breki kwa nguvu, boneti iwe wazi na wewe usimame pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari. Aingize D, kisha R, huku akigusa mafuta kidogo sana. Injini ikiruka na kutua kwa kishindo, maunti zimekwisha. Mara nyingi ya kwanza kufa ni ya upande wa cheni, ambayo ndani ina kimiminika. Ikipasuka utaona weusi wa mafutamafuta umeshuka chini yake. Zikibadilishwa, wenye gari wengi hudhani wamefungiwa injini nyingine. Epuka zile za bei ya kutupa zilizojazwa mpira mgumu mtupu, maana zitaupeleka mtetemo wote kwenye bodi.

Tabia na ugonjwa unavitofautisha hivi. Mtetemo wa asili una mpangilio, unalingana, unapungua ukitoa D kuweka N, na unatoweka ukipandisha mizunguko juu kidogo ya 1,000. Wa ugonjwa unajikwaa. Unasikia mlio wa ekzosi ukiruka pigo, kioo kinashtuka bila utaratibu, na gari likiondoka linakuwa zito, kwa sababu kwenye injini ya silinda tatu pistoni moja ikigoma umepoteza theluthi nzima ya nguvu. Gari la pistoni nne laweza kumisi silinda moja na dereva asiyejali akaendelea wiki nzima. La kwako halikufichi.

Ikiwa inamisi, usinunue kitu kwa kubahatisha. Pima kwa mashine ya kusoma hitilafu. Namba P0301, P0302 na P0303 zinakutajia silinda ya kwanza, ya pili au ya tatu. Tuseme imesoma P0302: chukua koili ya silinda ya pili uiweke ya kwanza, na ya kwanza uiweke ya pili, futa hitilafu, endesha. Ikirudi ikisoma P0301, koili ndiyo mbovu, umeshajua bila kutumia shilingi. Ikibaki P0302, fanya hivyo hivyo kwa plagi, halafu angalia nozeli na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzimika wakati inamisi, usiendelee kuendesha kwa nguvu. Petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Kuhusu AC: kompresa ikiingia, injini ndogo inaelemewa, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inapaswa kuongeza hewa kidogo isizimike. Throto, mlango wa kupitisha hewa ya injini, ikiwa na masizi meusi, hewa haipiti ya kutosha, na mizunguko inashuka hadi gari linatikisika. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini, bila kukwaruza kwa bisibisi kama nionavyo kwenye gereji nyingine. Baada ya kusafisha silensa inaweza kuyumba kwa siku chache hadi kontroli boksi ijizoeze upya, usitishike.

Sasa oili. Hapa ndipo 1KR-FE nyingi zinapofia, na sababu ni ya hesabu. Injini hii inabeba oili lita tatu na kidogo tu, pamoja na chujio. Wewe unapoteza nusu lita kila kilomita 1,000. Mtu mwenye gari kama lako, anayemwaga oili kila kilomita 5,000 na katikati hafungui boneti, atakuwa ameunguza lita mbili na nusu. Amebakiwa na nusu lita na ushee ya kulainisha cheni, kamshafti, metali (bering za krenki) na pistoni. Injini itanoki, na mtaani watasema pistoni tatu mbovu. Injini ya lita tano ya oili ingekula kiasi hichohicho na kufika mwisho wa safari. Wewe umekuwa ukiongeza, na ndiyo maana bado tunazungumza. Endelea kuchomoa kijiti cha kupimia kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache.

Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kabla ya kuhesabu kuwa ni hitilafu. Kwa kipimo hicho hujavuka mpaka. Ila injini yenye afya haiongezwi oili kati ya sevisi mbili, kwa hiyo ipo njia inayopitia, na tuitafute.

Hakuna tone chini, lakini toa koili zote tatu uchungulie kwenye mashimo ya plagi. Ukikuta oili imejaa humo, gasketi ya mfuniko wa valvu imekwisha. Ni kazi ya asubuhi moja, na mara nyingine ndiyo pia chanzo cha kumisi. Kisha valvu ya PCV, kile kidude kinachorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa. Ikichomolewa na kutikiswa inapaswa kulia ndani. Ikiwa imeganda na masizi, presha ndani ya injini inapanda na oili inasukumwa kwenda kuunguzwa. Ni kifaa cha bei ndogo na karibu hakuna anayekikumbuka.

Halafu moshi. Mtu akufuate nyuma. Moshi wa buluu unaotoka mara tu unapowasha asubuhi kisha ukakoma, au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga, unaelekeza kwenye sili za valvu. Moshi unaotoka kila unapovuta kwa nguvu unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Fanya na kompresheni, injini ikiwa ya moto, throto wazi kabisa, plagi zote nje. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15. Iliyo chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Na hapa wengi hupotea. Kompresheni inaweza kuwa safi kabisa na gari likaendelea kula oili. Ringi mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, kupitia vitundu vidogo. Katika injini hizi za kisasa ringi hiyo ni nyembamba na haikazi sana, kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta. Masizi yakiziba vitundu, inakwama na oili inabaki ukutani kuunguzwa. Masizi hayo yanatokana na oili iliyokaa muda mrefu, oili feki, safari fupifupi ambazo injini haipati moto kamili, na kuchemsha. Sasa jiulize: kabla ya Desemba ulikuwa unaongeza oili? Kama ulianza baada ya Kitonga, joto lile limefanya kazi yake, na ringi zenyewe zinaweza kuwa zimepoteza mkazo.

Ringi iliyokwama kwa masizi inaweza kuachia. Ipo dawa ya kuloweka pistoni, inamwagwa kupitia matundu ya plagi, inaachwa saa kadhaa, kisha inanyonywa, injini inazungushwa plagi zikiwa nje ili kutoa yaliyobaki, na oili na chujio vinabadilishwa papo hapo. Haifanikiwi kila mara, lakini ikishindwa hujapoteza kitu kikubwa. Ninachokuomba usikubali ni ile tabia ya kumwaga dizeli au mafuta ya taa kwenye sampo "kuiosha injini". Inabandua uchafu wa miaka kwa mpigo, unakwenda kuziba chujio cha pampu ya oili, na injini iliyokuwa inakula oili inakuwa injini isiyo na oili.

Uiwekee oili gani? Ya 5W-30 inayotoka kwa muuzaji anayeaminika. Ukiendelea kuona inapungua sana, kwa umri wa gari lako na joto la Morogoro, sina ugomvi na 5W-40 au 10W-30. Ile nzito ya 20W-50 ambayo mafundi wengi hupendekeza "ili izibe" inapunguza matumizi kidogo, lakini asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na VVT-i inayotegemea presha ya oili kwenye njia nyembamba inachelewa kuitikia. Badilisha kila kilomita 4,000 hadi 5,000. Hizo ahadi za kilomita 10,000 zilizoandikwa kwenye galoni ziache kwa wenye injini mpya.

Na tuseme umefanya yote hayo na bado inakula nusu lita. Ukitembea kilomita 12,000 kwa mwaka, hiyo ni lita sita za oili za kuongeza. Weka bei ya lita sita pembeni ya bei ya oveholi, uamue. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mimi ningeongeza oili na kusafisha plagi mara kwa mara.

Kelele za asubuhi ni cheni. Inakazwa na tensheni inayosukumwa kwa presha ya oili, na gari likilala oili inashuka, tensheni inalegea, hadi presha irudi unapowasha. Chanzo cha kwanza ni oili kuwa chini ya kiwango, ambacho tayari unacho. Cha pili ni chujio. Chujio halisi lina valvu ya mpira inayozuia oili isirudi yote chini. Mengi ya bei poa hayana, au mpira wake ni mgumu tangu dukani. Badilisha chujio na oili, usikilize wiki mbili. Kelele ikiisha, cheni yako ni nzima. Ikiendelea, au ikianza kusikika hata injini ikiwa ya moto, au mashine ikisoma P0016, cheni imerefuka: nunua seti nzima, cheni, tensheni na reli zake, na usikubali kubadilishiwa tensheni peke yake. Ikiruka meno, valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Nirudi Kitonga. Gari lenye uzito wa karibu tani moja, watu wazima wanne, mizigo, farasi 71, na unapanda kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni kwenda nyanda za Iringa zilizo juu ya mita 1,500, nyuma ya malori yanayotambaa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Mzigo mkubwa, mwendo mdogo, upepo kwenye rejeta hakuna. Hata hivyo, 1KR-FE yenye mfumo mzima wa kupoza maji haipaswi kuchemsha pale. Itapanda pole pole, itakukera, lakini sindano ya joto haitapanda. Ikichemsha, kuna kitu.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni pampu ya maji. Kwenye injini hii ni udhaifu unaojulikana, hata huko Ulaya wenye Aygo wanaulalamikia. Inavuja polepole kwenye kitundu chake cha kutolea, maji yanakauka juu ya injini kabla ya kudondoka, kwa hiyo chini huoni kitu. Mulika tochi upande wa belti: ukiona ukoko wa waridi au mweupe umeshika kwenye pampu, umempata mwizi. Ukisikia na mlio wa kukwaruza wa bering upande huo, usisubiri.

Kisha feni. Iwashe AC, feni lazima izunguke. Na bila AC, acha injini silensa hadi ipate moto uone kama inajiwasha. Kama mtu aliiunga dairekti, kuna kitu alikuwa anakificha. Mfuniko wa rejeta ukiwa na mpira uliopasuka, mfumo haushiki presha na maji yanachemka mapema. Themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, je, ipo? Gereji nyingi huitoa kabisa na kukuambia nchi yetu ni ya joto. Bila themostati injini haifikii joto lake la kazi, kontroli boksi inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli, oili inachafuka, na hata maji yanapita rejeta kwa kasi bila mpangilio. Irudishwe. Na maji ya bomba yatolewe, iwekwe kulanti. Bloku ya aluminiamu na maji ya chumvichumvi havipatani.

Baada ya kuchemsha, gasketi ya hedi lazima ithibitishwe. Injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, uangalie kama kuna mapovu yanayopanda bila kukoma. Angalia kama kulanti inapungua bila kuonekana inapokwenda, kama hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Lolote kati ya hayo likiwapo, hedi ishuke, ipelekwe kupimwa unyoofu kabla ya kufungwa gasketi mpya. Kufunga gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kurudia kazi baada ya miezi miwili.

Kuhusu kuweka pistoni nne. Inawezekana, kwa kuwa bodi yako na ya SCP90 ni moja. Lakini hununui injini tu. Unahitaji kontroli boksi yake, waya zake, maunti zake, ekzosi ya mbele, na giaboksi inayoendana nayo. Mafundi wakiunganisha vya kwako na vya kule, taa ya injini haizimiki tena na kila hitilafu itakayokuja itakuwa ya kubahatisha. Namba ya injini iko kwenye kadi yako, kwa hiyo mabadiliko yanapaswa kupelekwa TRA, na utahitaji karatasi halali ya mauziano ya hiyo injini, la sivyo siku ya kuuza gari au ya ukaguzi barabarani utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Siku injini yako ikishindikana kabisa, tafuta 1KR-FE nyingine iliyotumika. Ya Passo au Belta inaingia, ukihamishia vitu vinavyotofautiana kutoka kwenye ya zamani. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili umulike: ukiona tope jeusi lililoganda, ondoka. Omba ipimwe kompresheni hapohapo.

Injini ikitolewa kwa sababu yoyote, waangalie kwenye giaboksi. Vitz yako inatumia CVT, na mafuta yake ni maalumu ya CVT. Mwaka huo Toyota waliyaita TC. Akikujazia haidroliki ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, mkanda wa chuma ndani utateleza na utapata mtetemo mwingine wakati wa kuondoka, ambao nao utasingiziwa pistoni tatu.

Utaratibu wangu ungekuwa huu: wiki hii pampu, feni, mfuniko wa rejeta na mapovu, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri, na hadi limalizike usitoke mjini na gari hilo. Ukiwa gereji hapohapo, kompresheni ya silinda zote tatu na kuchungulia mashimo ya plagi. Kisha PCV, oili na chujio la maana. Maunti na throto mwisho, ukipata nafasi. Tofauti ya kompresheni ikivuka psi 15 na haipandi kwa kijiko cha oili, hedi ishuke na ikaguliwe. Ikipanda kwa kijiko cha oili na moshi wa buluu ni wa kudumu, hapo oveholi ya fundi wako itakuwa na hoja, nami sitampinga. Uniandikie tena namba za silinda zote tatu na kiasi cha oili kinachopungua baada ya sevisi, tuone kama oveholi ni ya ringi tu au na metali.